Saa Ngapi Angani Hadi Dar

Benchi la kahawa pale Mwigobero, kando ya ziwa, lilibeba watu watatu na ubishi wa watu thelathini. Alhamisi hiyo, mwaka mmoja tangu mpaka wa Kenya ufunguliwe tena, Mseti alikuwa amekaa katikati, tai ya kuazima shingoni. Jumamosi alitakiwa awe Dar kumkabidhi binti yake kanisani, na mkwe mtarajiwa alikuwa amemtumia tiketi ya ndege ya kesho. Ng'ambo ya barabara, basi la kupitia Nairobi lilikuwa likipiga honi, limebakiza siti moja. Mseti, ambaye hajawahi kuiacha ardhi zaidi ya kimo cha tela la pamba, alitaka kujua jambo moja tu: huko juu mtu anakaa muda gani?

Leodgar, fundi baiskeli waliyemwita Spana, alidakia.

— Siku mbili, kama basi.

— Spana, ndege? aliuliza Mseti.

— Sisi tukienda Dar tunapitaga wapi? Sirari, Nairobi, Namanga. Rubani naye anafuata barabara hiyohiyo kwa juu. Asipoiona barabara ataijuaje Dar? Na mpakani anashuka, mnagongewa mihuri.

Mseti alipapasa mfukoni.

— Kibali cha Kenya ninacho.

— Mzee Mseti, usimsikilize huyu, alisema Pastory. Yeye walimwita Ramani, kwa kuwa aliwahi kufundisha jiografia muhula mmoja. — Ndege inakata moja kwa moja. Kwenye ramani ya darasani ni shubiri tu. Saa mbili, tatu, umefika.

— Shubiri yako au ya mtoto? aliuliza Spana.

— Ya mwalimu!

Spana alifuta mikono yenye grisi, akawaza.

— Haya, dunia si inazunguka? Basi ndege inapanda, inatulia hewani, Dar ikipita chini inashuka. Hata mafuta haimalizi.

Mseti alishtuka.

— Ikichelewa kushuka je?

— Unashukia Zanzibar, unaogelea.

— Spana, jua linachomozea upande wa Dar, alisema Ramani. Ukitulia hewani, kwanza utaiona Bukoba ikija. Dar utaipata ukishamaliza dunia nzima.

Uso ukamchanua Spana.

— Kumbe hiyo ni njia ya kurudia nyumbani!

Walikuwa bado wanacheka jirani yao Marieta alipofika na mzigo wa majani ya ndama kichwani. Akasalimia, akaulizia ile tai, akaelezwa.

— Hongera, baba. Mimi natoka kukata majani kule kiwanja cha ndege. Ile ndege ya Jumanne bado wanaingoja. Sasa hiyo ya kesho itatokea wapi?

Ramani akamtazama Spana. Spana akatazama ndani ya kikombe.

Mseti alikuwa ameshafika katikati ya barabara, viatu mkononi, tai imerukia mgongoni.

— Konda! Konda we! Hiyo siti ni ya baba wa bibi harusi!