Likizo ya Kwenda Kuangalia Matope ya Wengine

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Mradi wa Vinamasi; chifu wetu; mzee Nyakundi, mwenyekiti wetu; wazee, akina mama na vijana wa bonde, tunawasalimu nyote.

KUKUKARIBISHA

Karibu Magwagwa, mgeni rasmi. Tumefurahi kukuona, ingawa tungefurahi zaidi kama tungejua kilichokuleta. Anayesoma ni Machogu. Nilifika darasa la tano tu, kwa hivyo ukisikia neno limepinda, linyooshe wewe uliyesoma. Nimechaguliwa kwa sababu wengine wanaogopa, na mimi sina tena wa kunikataza.

HISTORIA YETU

Sisi ni nyumba kumi na tisa zenye vipande vya shamba hapa chini kinamasini. Chai yetu iko juu kilimani. Huku chini ni nduma, yaani magimbi, majani ya nepia ya ng'ombe, na chemchemi tunayochota maji. Tulirithi kwa baba zetu, nao hawakuachiwa na ofisi yoyote.

MAFANIKIO

Mikaratusi iliyokuwa ikinyonya chemchemi tuliikata wenyewe, bila kusukumwa na askari. Maji yakarudi, na korongo nao wakarudi. Mafanikio mengine yaliyoandikwa kwenye ripoti yenu sisi hatuyajui.

CHANGAMOTO

Mwaka jana mradi wako ulituita mkutano shuleni, ukatuchinjia mbuzi. Kabla ya kula tuliambiwa tuandike majina na kutia sahihi, ati mpishi ajue sahani ni ngapi. Tukaandika. Mtu wa huku hakatai kuandika jina lake mbele ya nyama. Baada ya wiki mbili tukaona karatasi ile ile imebandikwa kwa ubao, na juu yake maneno mapya: waliokubali kinamasi kiwekewe mipaka. Sahihi zilikuwa zetu kweli. Hata alama za mafuta ya mbuzi zilikuwa za vidole vyetu.

Jina moja lilikosekana, la Bitutu, mke wangu. Siku ya mkutano ilikuwa siku ya kupeleka majani ya chai, na alikataa kuacha majani yaharibike kwa sababu ya mfupa. Aliporudi, akakuta vijana wa mradi wanachimba shimo la kigingi karibu na chemchemi. Wakamwambia asisumbue, wenzake wote wanatia sahihi saa hii. Akawajibu, "Basi mkawachimbie wenzangu. Hapa ni kwangu." Akaketi juu ya udongo mpaka wakaondoka. Kipande chake kiko katikati, ndiyo maana mipaka yenu haijaungana mpaka leo.

Bitutu alikufa mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa kifua. Gari la wagonjwa liliitwa, likakwama kwenye barabara ambayo wakubwa huitengeneza kwa mdomo. Wenzangu waliniomba niondoe sentensi hiyo. Nimeiacha.

Sasa mmetuletea barua ya likizo. Siku tatu katika mbuga ya Saiwa, upande wa Kitale, kutembea kwa miguu na kumwona nzohe, mnyama anayeishi kwenye kinamasi. Tulikaa chini kupanga. Mama Mokeira akauliza, "Mimi kila siku natoka kwa matope. Sasa napandishwa basi kwenda kuangalia matope ya wengine?" Tulicheka sana. Halafu mzee Nyakundi akaisoma barua mpaka mwisho, kicheko kikaisha.

Barua inasema wenye vipande wote waende siku moja. Kila mtu abebe kitambulisho na hatimiliki. Sisi hatujasikia mnyama anayeomba kuona hatimiliki. Basi liondoke Jumamosi, na nusu yetu ni Wasabato. Kisha tukafika kwa orodha ya wasafiri. Namba kumi na moja ni Bitutu. Hapo tukaelewa kwamba hamkuandika watu. Mliandika mashamba.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukatai kutembea. Hata sisi tungependa kuona mahali ambapo kinamasi kinatunzwa na hakuna mtu anayelia. Lakini huku kwetu anayekukaribisha kinywaji huonja yeye kwanza, mgeni akiangalia. Kwa hivyo tunaomba uonje. Panda basi hilo pamoja nasi, ukae nasi siku zote tatu, na wapimaji wako wa ardhi nao wapande, wote, pamoja na vyombo vyao. Wao pia wanahitaji likizo.

Tuondoke Jumapili. Hatimiliki zitabaki nyumbani. Chakula tutabeba chetu, ndizi na ugali wa wimbi, ili mpishi asisumbuke kutuhesabu. Hatutatia sahihi mahali popote, hata pa kuchukua maji.

Na tumekubaliana kila nyumba itoe mmoja aende, na mwingine abaki kinamasini. Nyumba kumi na nane zimeweza. Yangu ina mtu mmoja. Kwa hivyo namba kumi na moja haitasafiri. Kiti hicho apewe mwingine. Mimi nitabaki hapa nikipalilia nduma. Kama kuna wageni watakaofika wakati nyinyi mko Saiwa, watanikuta.

Mungu akurudishe kwako salama, aibariki nyumba yako, na akupe moyo wa kutujibu leo, kabla hujapanda gari.

Ni sisi,
Kikundi cha Wenye Bonde, Magwagwa.