Machela Mpya ya Godoro

Kwenye kona ya Mtaa wa San Roke, mbele ya nyumba ya Eudaldo, kuna benchi la mbao lisilo na mwenyewe, na kwa hiyo kila mtu analidai kuwa lake. Juma Kuu likikaribia, joto huwatoa wanaume ndani mapema, na Yadira, aliyehamia juzijuzi kutoka Lorica, huja na chupa zake za kahawa ya kuuza. Asubuhi hiyo Eudaldo alikuwa ametoa cherehani ya mkewe barazani. Mwili wake ni mkubwa. Tangu ujana wanamwita Godoro, naye huitika. Alikuwa anajishonea machela, kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, maana kesho alfajiri wenzake wangeondoka kwenda kupiga kambi mtoni kama kila mwaka. Mwaka jana alianguka na machela yake mbele ya wote. Mbavu zilimuuma mpaka mvua za Mei, kicheko kikamuuma zaidi. Benchi lilikuwa limeshatoa hukumu: safari hii Godoro alale chini kwenye mkeka, jirani na masufuria na siafu, au abaki nyumbani. Yeye hakutaka hili wala lile.

Wa kwanza kuanza alikuwa Kambare, anayeitwa hivyo kwa masharubu yake.

Kambare: Kitambaa chenyewe ndicho hiki? Hiki si cha mwavuli hiki? Wewe unahitaji turubai la lori, kaka.

Eudaldo: Turubai likinyeshewa utanibebea wewe? Hiki cha hema. Chepesi, kinakauka upesi. Nimeunganisha vipande viwili ubavuni, kiwe kipana.

Redio, ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, aliruka.

Redio: Upana wa nini? Kinachobeba ni unene!

Eudaldo: Machela ikiwa nyembamba, inanibana mabega kama wali ndani ya jani. Ikiwa pana nalala mshazari, kichwa pembe hii, miguu pembe ile. Mgongo unanyooka.

Kadinali alitikisa kichwa. Aliwahi kumtumikia padre utotoni, na mpaka leo akiongea ni kama anabariki.

Kadinali: Mshazari! Mwanangu, machela ni kuivuta hadi ilie kama gitaa. Kambini mafundo yote nafunga mimi, tangu enzi za marehemu baba. Muulize yeyote. Fundo la mkono huu halijawahi kumwangusha mtu.

Eudaldo alikunja ncha ya kitambaa, akaacha njia ya kupitisha kamba, akapiga mshono, akarudia juu yake, akarudia tena.

Redio: Mshono haumsaidii. Tatizo ni kwamba mtu ana uzito wa akiwa macho na uzito wa akiwa usingizini.

Kambare: Kakwambia nani?

Redio: Mtoto akisinzia mgongoni si anazidi kuwa mzito? Haya, chukua huo, zidisha mara Godoro.

Kambare: Acha wewe. Alianguka mchana, hata usingizi hajaupata.

Redio: Ndiyo mbaya kabisa! Uzito ulikuwa njiani, haujajua ukae wapi.

Kambare: Mimi nasema miti. Niliiona kwa macho yangu ikiinamiana kama watu wanaosalimiana.

Redio: Ulikuwa umelewa.

Kambare: Nililewa, na miti iliinama. Usichanganye mambo mawili.

Kadinali: Ninyi wote hamjui. Alikuwa anaota anakula. Mtu akila ndotoni, kamba inabeba na chakula chake. Mimi ningemfunga kati ya malori mawili, na madereva wakae ndani wakanyage breki.

Benchi zima lilicheka hadi kahawa ikamwagika. Eudaldo naye alicheka. Ilimuuma, lakini alicheka, kwa sababu tangu zamani hiyo ndiyo bei ya kukaa na hawa. Hata hivyo uzi ulimkatikia mkononi, akalazimika kutunga sindano upya.

Yadira, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisimama.

Yadira: Samahani, kaka zangu, mimi mgeni hapa. Hiyo ya mwaka jana ilichanikia wapi?

Redio: Katikati.

Kambare: Katikati wapi! Ubavuni.

Kadinali: Kwenye makalio, panapojulikana.

Yadira: Nani aliona?

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameona Godoro chini na miguu hewani. Baada ya hapo walishika matumbo kwa kicheko. Eudaldo mwenyewe hakuwahi kuikagua. Kwa aibu aliikunjakunja siku ileile, akaitupa uvunguni, na asubuhi hii alikuwa ameitoa kupima urefu tu. Ilikuwa hapo hapo, chini ya meza ya cherehani.

Aliivuta. Kambare alishika ncha moja, Redio nyingine, wakaitandaza kwenye jua. Yadira aliipitishia kiganja kuanzia pindo hadi pindo. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na mshono ulioachia. Akazivuta kamba zote mbili hadi mwisho.

Yadira: Kitambaa kizima. Kamba nazo nzima, hazijakatika popote. Basi nani aliifunga?

Kambare alichezea masharubu. Redio alinyamaza, jambo ambalo mtaa ule haujawahi kulishuhudia. Kadinali alinyoosha kikombe bila kuinua macho.

Kadinali: Niongezee kahawa, dada.

Yadira aliinamisha chupa. Halikutoka hata tone.

Yadira: Imekwisha.

Eudaldo alibaki na ile machela kuukuu mapajani. Mwaka mzima amekula nusu sahani. Mwaka mzima hajajilaza mbele ya mtu. Alikasirika, akakasirika kwelikweli, mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akarudi kwenye cherehani, akamalizia mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno. Machela ile mpya ilikuwa pana na nzuri, na alijua atalala humo.

Eudaldo: Kesho nitaifunga mwenyewe.

Akaikunja machela mpya, akamgeukia Kadinali.

Eudaldo: Na ya kwako nitakufungia pia, Kadinali.