Mtoto Aliyefunga Viatu vya Wazee

Huu ni wasifu wa mjukuu wangu, tuliyemwita Balozi. Nimeusema mimi bibi yake, mama yake mdogo akauandika, na mjomba wake ndiye anayewasomea. Nimemwapisha asiruke mstari.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 2015, kitindamimba katika watoto watatu. Mvua ya siku hiyo ilikuwa kubwa hata bata waliomba hifadhi jikoni kwangu. Anayebisha akawaulize bata.

Alianza darasa la kwanza Januari 2022, katika shule iliyo mpakani mwa Mtaa wa Juu, ambao ni wetu, na Mtaa wa Chini, wa wale ambao lugha yao na sala zao si zetu. Lugha yao hakufundishwa darasani. Aliiokota kibandani kwa fundi viatu wa kule chini, akimshikia uzi na kubishana naye. Akirudi nyumbani ananitukana kwa lugha ile, kwa adabu kabisa, nami najibu, "Ahsante, mjukuu wangu."

Alipokuwa na miaka minane, wazee wa mitaa yote miwili walikutana kugombea bomba la maji. Ukumbi ulikuwa na mkeka mpya, kwa hiyo viatu vikabaki mlangoni. Wao wakitukanana ndani, yeye nje alifunga kila kiatu cha huku na kiatu cha kule, kwa fundo la fundi lisilofunguka kwa mikono ya mtu mmoja. Wazee wakatoka wamenuna, wakainama wawili wawili. Babu yake alishindwa kabisa. Yeye na hasimu wake walishuka peku mpaka kibandani kwa fundi, kila mmoja kashika upande wake wa jozi, na chai akanywa huko huko. Wiki iliyofuata bomba lilifunguliwa kwa wote.

Ofisi ya wilaya ikasikia. Ikamvika mshipi ulioandikwa "Balozi Mtoto wa Amani", ikampiga picha na kila mwenye tai. Sisi tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Makofi hatujambo.

Ndoa hakufunga. Alikuwa na miaka kumi. Naitaja kwa sababu wasifu una nafasi yake, na nafasi hiyo tumemnyima sisi.

Jumamosi, tarehe 7 Machi 2026, alilazwa kwa malaria, na kufikia Jumanne damu ikawa imepungua sana. Ya kwetu sote haikulingana na yake. Fundi viatu akaja, mkono wa shati kaukunja tayari. Yake ikapimwa, ikalingana. Baba wa mtoto alikuwa safarini, na kwa desturi yetu baba asipokuwapo anayesaini ni mjomba, si mama. Mjomba akasimama mlangoni mwa wodi akasema, "Damu ya watu wa kule haitaingia kwa mtoto wetu."

Soma, mwanangu. Usimeze mate.

Fundi alikaa kwenye benchi siku mbili bila kuushusha ule mkono wa shati. Mtoto akaniuliza, "Bibi, fundi bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Basi mwambieni mjomba avue viatu."

Nami, niliyewahi kumfukuza fisi kwa maneno matupu, nilimnyamazia mwanangu wa kumzaa.

Mjomba alisaini Alhamisi, tarehe 12, saa nne asubuhi. Saa tano mtoto akafariki, mfuko wa damu haujafika nusu.

Na leo mmekuja mmefunga maturubai mawili, na kamba katikati. Mnamzika balozi gani?

Marehemu ameacha baba, mama, kaka wawili, babu, bibi, mama mdogo, mjomba mmoja, na fundi viatu mmoja, aliyekaa safu ya nyuma ya turubai la pili kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Mstari wa mwisho upo, nimeuandikisha. Lakini usiusome hapo ulipo, mwanangu. Vua viatu, vuka hiyo kamba, ukakae karibu na fundi. Ukishakaa, usome:

Apumzike kwa amani tuliyomnyima.