Risala ya Wapangaji wa Ghorofa ya Kisyeri Kuhusu Bomba Lililofungiwa Ndani

Mgeni rasmi, meza kuu, majirani mliopata turubai na nyie mliobaki juani: sisi wapangaji wa ghorofa ya Mzee Sylvester Kisyeri, hapa Nkende, tunakusalimu. Walio wadogo kwako wanasema shikamoo. Mimi ninayesoma, Mokami, nimekuzidi umri, kwa hiyo nasubiri ya kwako.

KUKARIBISHA

Karibu Tarime. Tumefurahi kwamba umekuja kutufungulia mradi wa maji. Barabara uliyopita tumeifagia sisi, na yale mawe yenye chokaa tumeyapaka sisi. Uyakumbuke hayo mawe, maana tutayarudia.

Mwalimu Felix, mpangaji mwenzetu, alitaka aiandike yeye risala hii. Tukakataa, angeweka maswali mwishoni. Mwenyekiti wa mtaa naye aliomba aisome kwanza. Tulimpa nyingine.

HISTORIA FUPI YA NYUMBA YETU

Nyumba yetu ina ghorofa moja juu. Chini tunakaa wazee na wenye watoto, juu wanakaa ambao magoti yao bado yanawatii.

Maji ya bomba huku yanakuja yakipenda. Leo alfajiri, wiki ijayo mchana, halafu kimya mpaka tunasahau yanafananaje. Hakuna anayetangaza. Kwa hiyo nyumba ilijitengenezea kengele. Katika chumba cha mwisho kule juu, bomba linaachwa wazi siku zote, na chini yake beseni la bati. Maji yakifika kule, ujue yamefika kwa wote. Beseni linalia, nyumba nzima inasikia, watu wanakimbia na madumu, na aliye karibu anachukua ufunguo wa chumba hicho kwenye msumari mlangoni kwangu, anapanda, analifunga.

Chumba hicho anakaa nesi Kokushubira, aliyeletwa na serikali kutoka Kagera. Utaratibu aliukuta. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bibi, bomba likiachwa hivi si litatumwagia maji?"

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nyumba hii haijawahi kukosa mtu."

Mzee Kisyeri anakaa nyumba ya nyuma. Beseni likilia, yeye ndiye wa kwanza kufika na madumu. Siku hiyo miguu yake haimuumi.

MAFANIKIO

Watoto wengi wanaopiga kelele hapo nyuma ya turubai wamepokelewa zahanati na mikono ya nesi huyu. Tulitafuta mafanikio mengine ili kifungu kirefuke kidogo. Hatukuyapata.

CHANGAMOTO

Sasa mawe yanarudi. Juma lililopita tuliitwa kujiandaa na ujio wako. Kila nyumba itoe watu wote, na asiyefika atatajwa jina mkutanoni. Tukatoka hata wenye homa. Nesi alikuwa kazini. Wakati sisi tuko mbali kule barabarani tunapaka chokaa na kujifunza wimbo uliousikia hapa, mafundi wakayaachia maji ili kuyajaribu, usije leo ukafungua bomba likakutolea hewa. Hatukuambiwa. Beseni lililia, na hapakuwa na wa kulisikia.

Tuliporudi maji yalikuwa yameshakatika. Lakini yalikuwa yamepita kwenye ufa wa sakafu ya juu, ambao kila mwaka tunamwonyesha mwenye nyumba na kila mwaka anatuambia ni utando wa buibui. Yakaishusha dari ya chumba cha chini yake, ambacho ni changu. Dari ilitua kitandani. Kama ningekuwa nimelala, leo mngekuwa mnasikiliza risala nyingine, fupi zaidi, mkiwa mmesimama. Unga wangu wa wimbi uligeuka uji wa baridi. Picha ya marehemu mume wangu, na nilikuwa na hiyo moja tu, imebaki suti haina uso. Hilo silitanii.

Mzee Kisyeri alipanda juu na kufuli jipya, akalitia kwenye mlango wa nesi, vitu vyake vyote vikiwa ndani. Jioni nesi akamkuta kwenye ngazi.

"Shikamoo baba."

"Maji yametoka kwako. Dari utaijenga wewe, na mwisho wa mwezi uhame. Mkataba unasema uharibifu wa maji ni wa mpangaji."

"Baba, lile beseni si hata wewe unalitegemea?"

"Mimi nilikukodisha chumba. Sikukukodisha kengele."

Mwalimu Felix akauliza, na ule ufa je? Akajibiwa, "Mura, kijana wangu, wewe fundisha watoto, nyumba niachie mimi."

Nikasema, "Kisyeri, aliyeharibiwa vitu ni mimi, na simdai huyu binti chochote."

Akasema mimi ni mzee, sheria siielewi. Ni kweli, niliishia darasa la saba na sheria tulikuwa hatujaifikia.

Tangu siku hiyo nesi analala kwangu kwenye mkeka, upande ambao dari bado ipo. Sare anayo moja. Anaifua akirudi, anaivaa asubuhi haijakauka, anakwenda kuwapokea watoto wetu akiwa na ubaridi mgongoni. Ameanza kuulizia uhamisho. Sisi hatuna uso wa kumwambia abaki.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi: taa, mtaro, gari la wagonjwa. Tumeyafuta, limebaki moja.

Siku ile maji yalipokatika, bomba la nesi halikufungwa. Lilikuwa kavu, na kabla mtu hajakumbuka, kufuli lilikuwa mlangoni. Kila siku nesi anamwambia mwenye nyumba, "Baba, bomba liko wazi." Anajibiwa kwamba huo ni ujanja wa kutaka kutorosha vitu. Koki kubwa ya nyumba imeliwa na kutu, haizunguki.

Mgeni rasmi, Mzee Kisyeri ndiye huyo kushoto kwako, mwenye koti jipya, anayeitazama sana soda yake. Ufunguo uko mfuko wa koti. Tulimwona akiutia.

Ukikata utepe na kufungua, maji yatapita hapa, yatapanda kule. Na leo tena nyumba haina mtu. Sote tuko hapa kukupigia makofi.

Tunaomba, kabla hujashika mkasi, umuulize: maji yatakayoshuka leo kutoka chumba alichokifunga mwenyewe ni ya mpangaji gani? Akikosa jibu, atoe ufunguo. Nesi amesimama pale nyuma, ndiye huyo mwenye sare mbichi. Apande akalifunge bomba, na akishaingia chumbani kwake asitolewe tena. Maji tumeyasubiri tangu wengine wetu tuna meno. Hatuwezi kushindwa kumsubiri mtu apande ngazi.

Mungu akupe afya na paa lisilovuja, na sisi tusio na paa letu atupe mwenye nyumba anayesikia. Na kama jibu litachelewa, tunaomba watu wote wanyamaze kidogo. Kutoka hapa ulipoketi, maji yakipanda kule, lile beseni linasikika.

Ni sisi,
Wapangaji wa Ghorofa ya Kisyeri, Nkende.
Imesomwa na Mokami, wa chumba cha chini kisicho na dari.