Mikate ya Kwenye Kompyuta

Pantoni iliondoka upande wa Ifakara imejaa wanunuzi wa mpunga. Siwema peke yake alibeba beseni la vitumbua, na wenzake walishamcheka vya kutosha kwa kuuacha mpunga. Akajikunyata, akiwasikiliza wawili waliokutana hapo hapo: Evelina, mwanafunzi wa chuo kikuu, na mzee Limbu, mfugaji.

"Kwenye kompyuta za chuo tunacheza mchezo na watu wa nchi za mbali," alisema Evelina. "Tuna kijiji chetu humo, na soko. Wenzangu wote walikimbilia upiganaji, mimi nikaoka mikate. Baba, waliniletea dhahabu kwa foleni!"

"Mkate hauliki, dhahabu haishikiki!" Limbu alicheka. "Binti yangu, na ng'ombe wa humo anakamuliwa?"

"Hakamuliwi. Lakini wote wakikimbilia kitu kimoja, ujue kuna kitu wamekisahau."

"Umesomeshwa ili ukacheze!"

Siwema akanyoosha mgongo. Pantoni ilipogusa ng'ambo, alifunua beseni, harufu ya iliki ikatembea. Wanunuzi, waliotoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni, wakamzunguka, wale waliomcheka wakitangulia.

Limbu alishuka bado anabisha, kitumbua mdomoni.