Nilisema Kweli, Nikabaki Peke Yangu

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Wengi mnanifahamu, na wengine mna sababu ya kuinamisha kichwa mnaponiona nimesimama hapa. Sitataja jina la mtu. Kosa lilikuwa langu.

Nilirudi kutoka chuo kikuu cha Leopoldville nikiwa na maswali mengi kuliko nguo. Mwalimu wa kanisa hili la Nyantende ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilimuuliza kuhusu jambo alilohubiri: limeandikwa wapi? Akasema limeandikwa. Nikamwambia anionyeshe. Hakunionyesha. Vijana wakacheka, wakasema nimesoma mbali ili nije kumsumbua muzee. Kicheko kile kiliniuma wiki nzima.

Jumapili iliyofuata misionari alikuja kututembelea. Nilikaa benchi la mbele. Mwalimu alisoma Waraka kwa sauti yake ile mnayoijua, kidole kikipita juu ya mistari. Nikanyoosha shingo. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa kwenye Mwanzo.

Nawaambia, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikasimama.

"Papa mwalimu, uko unasoma Waraka, lakini kitabu iko wazi kwenye Mwanzo."

Misionari akainuka, akatazama ukurasa, kisha akapitisha mkono mbele ya macho ya mwalimu. Macho hayakuufuata. Kabla mwezi haujaisha mwalimu aliondolewa kazini, akatoka katika nyumba ya kanisa yeye na mke wake, wakahamia kibanda cha shemeji yake.

Nilisubiri watu waniambie kwamba nilisema kweli. Hakuna aliyekataa, na hakuna aliyenipongeza. Maman mmoja aliyekuwa akipalilia maharage kando ya njia ndiye aliyenifumbua.

"Sisi wote tulikuwa tunajua, mutoto yangu. Macho yake ilizimika wakati ulikuwa Leopoldville. Kitabu yote iko kichwani mwake. Muke yake ndiye alikuwa anamufungulia ukurasa, na siku ile alikuwa kwenye kilio. Ni wewe tu haukujua."

Akarudi kwenye jembe lake.

Nilikuwa nimepata kazi katika ofisi moja ya Nguba, mtaa wa Wazungu kule mjini. Wazungu wa pale walinipa kiti cha kuandikia, si cha kulia chakula. Huku kwetu mlinisalimia, mkaniita Monsieur Ukurasa, na sahani ya bugali ilipowekwa chini mliketi bega kwa bega pasiwe na pengo. Siwalaumu. Jumapili nilibaki chumbani kwangu mtaani Kadutu nikisikia nyimbo za watu wengine, nikibishana na watu ambao hawakuwepo. Kila mara niliwashinda. Mtu anaweza kushinda hivyo miezi mingi, ndugu zangu, na asipate hata wa kumwambia.

Mwishowe nilikwenda kwa mwalimu. Njiani nilitayarisha maneno: nitaomba msamaha, kisha nitaeleza kwamba, hata hivyo, ukweli ni ukweli. Nilimkuta mlangoni akichambua maharage kwa vidole. Hakuniacha nifike kwenye "hata hivyo."

"Ulisema kweli," akasema. "Kitabu ilikuwa kwenye Mwanzo. Ni hiyo ndiyo ulitembea kutafuta? Basi, umeipata. Rudi mbele ya mvua kunyesha."

Nilisimama pale. Neno nililolingoja miezi yote nilikuwa nimepewa, na sikujua niliweke wapi. Nilitaka kusema sikuja kwa ajili ya hilo, lakini ningekuwa nadanganya. Nikachuchumaa, nikaanza kuchambua maharage pamoja naye. Mvua ikatukuta hapo hapo. Mke wake akatoka, akauingiza ungo ndani, kisha akanitazama.

"Ingia na wewe, Monsieur Ukurasa. Utaharibu koti."

Siku hiyo nililia, na moshi wa jikoni ukanisaidia kuficha.

Baadaye nilikwenda kwa misionari kumwombea mwalimu arudi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akauliza nani atashika kitabu kila Jumapili na kumkumbusha akisahau. Nikasema mimi. Kwa hiyo mnaniona hapa, kando yake.

Namshukuru maman wa maharage. Namshukuru yule aliyenionea huruma kwa sababu ya koti. Nawashukuru ninyi mliosogea kidogo kwenye benchi, hata wale mliosogea kidogo sana.

Bado nina maswali, na mengine sitayaacha, maana sidhani Mungu anaogopa kuulizwa. Lakini siku ile mimi sikuwa nauliza. Nilitaka kuonekana. Kama nawe una jambo la kweli la kumwambia mwenzako, jiulize kwanza kama ungelisema hivyo hivyo pasipo mtu wa kukutazama.

Na kuna siku, katika kusoma, maneno ya mwalimu hupita njia yao na kitabu kikapita yake. Mimi ndiye niliyeshika kitabu, naona. Kidole changu huhama kimya kimya, kikamfuata yeye. Msiniulize ni wapi.