Fundi Waya Aliyeomba Afunguliwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni shangazi wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa kuwa wanaume wa ukoo wanasema koo zimewakauka, basi tulieni.

Marehemu, mliyemwita Fundi Waya, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, mtoto wa tatu wa kaka yangu, akasoma shule ya msingi pale juu ya soko hadi darasa la saba, akirudi nyumbani na skrubu mfukoni ambazo hatukujua zimetoka kwenye dawati la nani. Mwaka 1993 alifungua kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya kituo cha mabasi, na mteja aliyeuliza redio yake ina nini alijibiwa, "Mimi sikisii, nafungua." Ndivyo alivyompata mkewe, aliyeleta redio iliyowashinda mafundi wengine, akaifungua, akamwambia haina ugonjwa, ina wapangaji, mende watupu. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1999, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2011 alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, akatuambia mwenyewe, akaanza dawa, na mkewe ndiye aliyemwekea kidonge kando ya kikombe cha chai miaka yote. Mwaka jana homa ilimshika isimwachie, akakonda, makohozi yakapimwa yasionyeshe kitu, na hapo baadhi yenu, mnajijua, midomo ikawawasha, mkasema mke kamlisha kitu. Ukuta wa chumba alicholala ni wa mbao, alisikia yote. Akaniita, akasema, "Shangazi, nikifa wanifungue, wasije wakamkisia mke wangu."

Alifariki tarehe 2 mwezi huu, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Wazee walikataa apasuliwe, mke akatia sahihi, nami nikasimama mlangoni. Madaktari hawakuona sumu, waliona kifua kikuu kimetapakaa kwenye mapafu, ini na bandama, vipunje vyeupe kama chenga za mchele, wakasema kwa wenye virusi hujificha hivyo, makohozi yasiseme neno. Kisha wakamshona, nimemvalisha mwenyewe, mshono umenyooka kuliko wa gauni langu hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo. Wenye kikohozi humu ndani, nendeni mkapimwe, acheni kujikoholea kimyakimya.

Na wewe mwanangu, mke wa Fundi, uliyekalishwa nyuma huko karibu na mlango, njoo ukae hapa mbele, kwenye kiti changu.

Fundi, umefunguliwa, hakuna anayekisia tena. Pumzika sasa, baba.